Nilipunguza kilo 15 kwa kuhesabu kalori, na hesabu ilianzia kwenye dumu la mafuta

Februari 2023 nilikwenda kupima kwa sababu ya kichwa. Kilikuwa kinaniuma kisogoni karibu kila jioni, nami nikawa nasingizia foleni na kompyuta. Nesi alinipima presha mara mbili, akaandika 148/94. Sukari, kabla sijatia kitu tumboni, ikasoma 6.4. Mizani ikasema kilo 94, na mimi urefu wangu ni sentimita 162 tu. Daktari alinieleza taratibu kwamba hiyo bado si kisukari, kwa kuwa kwa mtu ambaye hajala, kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, ila iko njiani kwenda huko. Akanianzishia kidonge kimoja cha presha kwa siku, akasema: "Mama, bado una nafasi. Punguza uzito, tuonane baada ya miezi mitatu."

Namna ya kuupunguza hakunieleza, na wagonjwa nyuma yangu walikuwa wengi. Nikatoka na karatasi yangu mkononi, nikakaa kwenye benchi la nje, nikalia. Mama yangu mzazi ana kisukari tangu nikiwa chuo. Nimemchoma sindano za insulini, nimemwosha kidonda cha mguu kilichokaa miezi saba bila kufunga. Nilijua ile karatasi inasema nini.

Nilikuwa na miaka 38, watoto watatu: wa kwanza binti wa miaka 11, wa kati miaka 7, wa mwisho 3. Nakaa Mbezi, Dar es Salaam, nafanya kazi ya uhasibu Posta, katikati ya jiji. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, saa kumi na mbili niko kituoni, na siku nikirudi mapema huwa ni saa moja na nusu usiku. Naandika kwa ajili ya mzazi wa namna hiyo, aliyeambiwa apunguze uzito na hana hata nusu saa anayoweza kuiita yake. Kuna pesa na miezi niliyoipoteza ambayo mwenzangu hana haja ya kuipoteza.

Pesa ya kwanza ilikwenda kwenye chai ya kupunguza tumbo. Shilingi 85,000, pakiti ya mwezi mmoja, niliuziwa na mtu wa ofisi ya jirani. Kwa wiki mbili nilikuwa nakimbilia chooni kazini mpaka nikaona aibu. Kilo tatu zilitoka, nikafurahi. Nilipoacha zikarudi ndani ya siku nne. Ndipo nikasoma maandishi madogo ya ubavuni mwa pakiti: kiungo kikuu ni sanamaki, ile ile waliyotunywesha bibi zetu tukifunga choo. Sanamaki hutoa maji na choo. Mafuta yaliyojaa kiunoni hayapiti njia hiyo.

Kosa la pili lilinijia kwa sura ya ibada. Ramadhani ya mwaka huo iliingia mwishoni mwa Machi, nikajiambia mwezi mzima wa kufunga utafanya kazi yenyewe. Sisi watu wa Tanga tunajua kufuturu: uji wa pilipili manga wenye sukari, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, sambusa, kisha saa nne usiku wali na samaki, kisha daku. Idd ilinikuta na kilo 95.6. Miadi ya daktari ya mwezi Mei sikwenda, kwa aibu ya kuongezeka. Hilo nalo ni kosa, tena naliona kubwa kuliko la chai, kwa sababu dawa ya presha niliendelea kuimeza miezi minne mingine bila mtu kuangalia inanifanyaje.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenitajia kalori. Alikuwa amepungua kilo tisa, na alikula nasi mchana kama kawaida, hakuwa mtu wa kunywa maji ya ndimu na kushinda njaa. Nikapakua programu kwenye simu. Ikaniuliza uzito na urefu, ikaniuliza nataka kupungua kwa kasi gani. Nikachagua kasi kubwa kuliko zote. Ikanipa kalori 1,200 kwa siku.

Nilidumu siku kumi na moja. Siku ya tisa, nimesimama ndani ya basi la mwendokasi, macho yalitiwa giza nikashikwa na mama mmoja nisiyemjua, akanipisha kiti. Siku ya kumi nilimfokea mtoto wa miaka mitatu kwa kumwaga uji. Nilimfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Jumamosi tukawa na shughuli ya kumpa mkono binti wa shangazi, na pale nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Jumatatu mizani ilikuwa palepale.

Halafu ile programu ilikuwa haitujui. Nikiandika "ugali" yanakuja majibu matano, kila moja na idadi yake, moja likipima ugali kwa kikombe. Nani anapima ugali kwa kikombe? "Chapati" ilikuwa na kalori 120, ya aina nyembamba isiyo na mafuta, ambayo nyumbani kwetu tusingeiita chapati. Kwa hiyo nilikuwa nashinda njaa mchana, na usiku naandika uongo bila kujua.

Nikaamua kufanya hesabu kama ninavyozifanya kazini, kuanzia kwenye vitabu vya mwanzo. Kiasi ambacho mwili hutumia hukadiriwa kwa kanuni inayoitwa Mifflin-St Jeor, ya mwaka 1990. Kwa mwanamke: uzito mara 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Mwanamume badala ya kutoa 161 anajumlisha 5. Mimi, kwa kilo 95 hivi nilizokuwa nazo, nilipata 1,611, ambazo ni za mwili kupumua na kuishi tu. Mtu wa kukaa ofisini anazidisha kwa 1.2, nikafika 1,934. Nikaweka lengo 1,500. Pengo la kalori kama 430 kwa siku, na kilo moja ya mafuta ya mwili inakadiriwa kuwa na kalori 7,700 hivi, maana yake ni chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki. Nilipoiona namba hiyo kwanza nilivunjika moyo. Kisha nikapiga hesabu ya mwaka, nikatulia. (Anayenyonyesha, mjamzito, au anayetumia insulini au dawa za kisukari asichukue namba zangu. Aanze na daktari.)

Mwishoni mwa Mei nikanunua Kariakoo mizani ya jikoni, ile bapa ya betri, kwa shilingi 25,000. Kama ningeanza na hiyo badala ya chai, ningebakiwa na 60,000.

Jioni ya kwanza nilikusudia kupima sahani yangu. Nikasimama jikoni nikitazama dada anayetusaidia kazi akikaanga kitunguu cha mchuzi, na macho yakaangukia dumu la mafuta. Dumu la lita 5. Nikamuuliza hili tulifungua lini. Akasema, "Wiki iliyopita, Mama, Jumatano." Lilikuwa limefika chini ya nusu.

Mafuta ni kitu rahisi kuhesabu. Mkemia wa Marekani aliyeitwa Wilbur Atwater alishatufanyia kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 19: wanga kalori 4 kwa gramu, protini 4, mafuta 9. Lita 5 za mafuta ya kupikia zina uzito wa kilo 4.6 hivi, kwa hiyo dumu zima lina kalori zinazopita 40,000. Nyumbani tuko sita. Dumu lilikuwa linatutosha wiki mbili. Gawanya kwa siku 14, gawanya kwa watu sita: karibu kalori 480 kwa kila mtu, kila siku, pamoja na yule wa miaka mitatu. Pengo langu lote nililokuwa nikilitafuta kwa kushinda njaa lilikuwa mle ndani ya dumu la njano, na hakuna aliyekuwa akilila kama chakula. Lilikuwa linamiminwa tu, kwa mkono, bila kijiko.

Hapo nikafanya kosa ambalo bado linaniuma. Kesho yake asubuhi, nikiwa na haraka ya kituo, nilimwekea dada kijiko kikubwa kando ya dumu nikamwambia, "Kuanzia leo mafuta ni vijiko vitatu kwa mboga, usizidishe." Nikaondoka. Nilirudi usiku nikamkuta amefunga begi. Alidhani namshuku anaiba mafuta. Alikuwa akilia, anataka nauli ya kurudi Singida. Nilikaa naye sakafuni jikoni, nikamtolea ile karatasi ya vipimo, nikamweleza habari ya mama yangu na kidonda cha mguu. Akaniambia na babu yake alikatwa mguu. Tangu usiku ule yeye ndiye aliyeibeba kazi hii kuliko mtu yeyote. Nikiwa Posta, yeye ndiye aliyekuwa anapima na kuandika kwenye daftari. Kama kuna mtu anakupikia, awe mke, mama, dada wa kazi au mama mkwe, mweleze kwanza kabla ya kumwagiza. Hesabu iko mikononi mwake zaidi ya mikononi mwako.

Namna tuliyoipata, na ambayo naiona ndiyo siri ya watu wanaokula chungu kimoja, ni kupima chungu kabla ya sahani. Kila sufuria yetu tuliipima tupu mara moja, tukaandika uzito wake kwa kalamu ya wino mzito chini ya kitako. Kinachoingia hupimwa kibichi. Mfano maharage: makavu nusu kilo, kalori kama 1,700. Mafuta vijiko vitatu vikubwa, 360. Vitunguu na nyanya, tuseme 100. Jumla 2,160. Yakishaiva, sufuria nzima inawekwa kwenye mizani, unatoa uzito wa sufuria, yanabaki gramu 2,400. Kila gramu ina kalori 0.9. Upawa wangu wa gramu 200 ni 180. Watoto na baba yao wanapakua wanavyotaka, wewe tu ndiye unapima wako. Ugali vilevile: maji hayana kalori, unga ndio wenye kalori, karibu 360 kwa gramu 100. Unga gramu 700 ukitoa ugali wa kilo mbili, tonge langu la gramu 300 ni kama 380. Siku ugali ukiwa laini namba inabadilika, ndiyo maana makadirio ya programu hayasaidii.

Mwanzoni ilitula dakika ishirini kwa siku. Baada ya wiki tatu zikabaki tano, kwa sababu familia haina vyakula vingi kiasi hicho. Sisi tulikuwa na mapishi kumi na nne yanayozunguka. Ukishayaandika mara moja umemaliza. Namba za vyakula vyenyewe nilizitoa kwenye majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya nao wana yao ya 2018. Ni ya Kiingereza, lakini dagaa, mchicha na muhogo vimo, na hilo ndilo nililolihitaji.

Chapati zetu tulizipima Jumapili moja. Unga kilo moja, mafuta ya kukandia na ya kuchomea tukayamimina kwenye kikombe cha kipimo: mililita 250. Zikatoka chapati 14. Kila moja karibu kalori 400. Mimi nilikuwa nakula tatu na chai, kisha mchana nikala chakula. Sikuziacha. Nakula moja, Jumapili, na maharage mengi, na nimejifunza kuikata robo nne nikaila taratibu.

Nikihesabu sasa, ugali na wali ambao kila mtu huulaumu haukuwa tatizo langu kubwa. Vilivyoniongezea uzito ni vile visivyokuwa na jina la mlo. Chai: vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, kama kalori 240 bila maziwa. Nilishusha kijiko kimoja kila baada ya wiki tatu, nikaishia kimoja, ulimi ukazoea. Maandazi mawili ya saa nne ofisini, karibu 400. Soda ya chupa wakati wa kazi za mwisho wa mwezi, 150 hivi.

Na mabaki ya watoto. Hili nawaambia hasa akina mama. Niliapa kwamba sili mabaki, dada akacheka kwa upole akasema, "Mama, unakula." Basi siku tatu mfululizo, kila nilichotaka kuokota kwenye sahani za watoto nilikitia kwenye bakuli moja la friji. Siku ya tatu nikapima: gramu 640. Wali, vipande vya chapati, viazi vya kukaanga. Karibu kalori 360 kwa siku, nilizokuwa nikizila nimesimama, mkono mmoja ukipanga vyombo. Sisi tumelelewa tusitupe chakula, na mimi bado sitaki kukitupa. Tulichofanya ni kuwapakulia watoto kidogo na kuwaongeza wakitaka, na kinachobaki kinakwenda kwa kuku wa jirani.

Mchana sikuwa na muda wa kubeba chakula kila siku. Siku tatu nabeba kontena, siku mbili nakula kwa mama ntilie. Nilimwomba anipunguzie wali nusu na kuniongezea mchicha na maharage, bei ileile. Mwanzo aliniuliza, "Dada, unaumwa?" Siku hizi akiniona tu anapakua. Pale sipimi chochote. Nakadiria kwa juu, nikidhani ni 500 naandika 650, maana mafuta ya mchuzi wa biashara huyaoni yote. Chipsi mayai nilizihamishia kwenye orodha ya sikukuu: sahani ya kawaida ikiwa na viazi gramu 300 na mayai mawili inapita kalori 1,000 kirahisi.

Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha kiazi kitamu cha gramu 200 na chai. Jumla 360 hivi. Inanifikisha saa saba mchana bila kutetemeka, jambo ambalo maandazi mawili hayakuwahi kulifanya. Mayai, maharage, dagaa ndivyo vilivyoniokoa na njaa, na ni vyakula vya bei ya kawaida. Mtu asikudanganye kwamba kupungua kunahitaji vyakula vya supamaketi.

Kufikia mwisho wa Septemba nilikuwa kilo 88.4. Nilirudi kwa daktari, kwa kuchelewa kule nilikokutaja, presha ikiwa 128/82 na sukari 5.6. Alinitazama, akapima tena kuhakikisha.

Halafu kikaja kipindi kibaya. Oktoba nilipungua gramu mia tatu mwezi mzima, na nilikuwa naapa kwamba nafuata kila kitu. Jibu lilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe, kwa siku ambazo hazikuandikwa. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa mwaminifu, pengo la 430 mara tano ni 2,150. Jumamosi kulikuwa na harusi, kitchen party, arobaini, hitima, na nilikadiria nafika 3,000. Jumapili pilau kwa mama mkwe. Siku hizo mbili zilikuwa zikila karibu 2,000 za juu. Wiki nzima ya kujizuia nilikuwa nabakiwa na kalori mia na kitu. Sikuweza kuacha kwenda shughulini, wala sitamshauri mtu aache kwenda kuzika na kuozesha kwa ajili ya uzito. Nilichofanya ni kushusha siku nne za katikati ya wiki hadi 1,400, na kwenye shughuli kuchagua kimoja: ama pilau ama chapati, na maji badala ya soda. Nilikuwa napakua mwenyewe kila ilipowezekana. Ukipakuliwa na mwenye shughuli, sahani ni heshima yake kwako na huwezi kuirudisha.

Kipindi hichohicho nilijifunza kutokuiogopa mizani. Nilikuwa napima kila asubuhi, na siku zinazokaribia hedhi uzito ulipanda hadi kilo moja na nusu. Vivyo hivyo baada ya siku ya dagaa wa chumvi. Ni maji. Nikaanza kuchukua wastani wa siku saba na kulinganisha wiki kwa wiki, na mwezi kwa mwezi kuhusu hedhi. Kabla sijajua hivyo nimewahi kukosa usingizi kwa sababu ya gramu mia nane za maji.

Januari 2024, Jumapili, tunakula. Binti yangu mkubwa, sasa miaka 12, alishika chapati akaigeuza mkononi, akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, hii ina kalori ngapi?" Nilimjibu kwa furaha, nikidhani anajifunza hesabu. Akairudisha kwenye sahani. Wiki ile dada aliniambia chakula cha shule kinarudi nusu. Nikamuuliza binti usiku, tumelala wawili kitandani kwake. Alisema anaogopa kuwa kama mimi nilivyokuwa kwenye picha za zamani. Mtoto mwenyewe ni mwembamba, anakua kila siku.

Sikulala usiku ule. Nilikumbuka kila nilichokuwa nakisema mezani: "hii mbaya", "hii inanenepesha", "leo nimeharibu". Nilikuwa nasema juu yangu, na yeye alikuwa anasikia juu yake. Nilibadilisha yote. Daftari likahama jikoni, sasa dada ananiandikia kwenye karatasi ya ndani ya kabati. Mizani ya uzito ikaingia chumbani kwetu. Neno kalori halitamkwi mezani. Nilimweleza binti kwamba mama alipewa karatasi na daktari, na kwamba mwili wake yeye unajenga mifupa na unahitaji kula. Nilikwenda naye kwa daktari amsikie na mtu mwingine. Ilichukua kama miezi miwili mpaka kontena lake likaanza kurudi tupu. Mzazi mwenzangu, kama utachukua jambo moja tu katika haya yote, chukua hili: fanya hesabu yako mbali na macho ya watoto, hasa mabinti wanaopevuka.

Maneno ya watu nayo ni mzigo wake. Kwetu mtu akipungua, swali la kwanza ni ugonjwa. Jirani alinishika mkono sokoni akaniambia, "Pole mwaya, umekwisha." Mama mkwe alimpigia mume wangu simu kumuuliza kama nimepima, na kupima alikokuwa anakutaja wote tunakujua. Wengine wakamtazama mume wangu kama mtu anayenitesa. Yeye mwenyewe hakuufurahia mwanzo wa safari hii. Alisema chakula hakina ladha, na kwamba alioa mwanamke mwenye mwili. Tulizungumza, tukagombana, tukazungumza tena. Tulikubaliana Ijumaa ni siku ya samaki wa kukaanga kama alivyozoea. Kwa mama mkwe nilikwenda mwenyewe na vyeti vya vipimo vyote viwili, cha kwanza na cha pili. Akavisoma, akavikunja, akasema, "Basi mwanangu, na mimi nipimie hayo mafuta yangu."

Februari nilipofika kilo 84 nilisimama tena, na safari hii daftari lilikuwa safi. Nilirudia kanuni: mwili wa kilo 84 unatumia karibu 1,796, kiasi cha kalori 140 pungufu ya ule wa mwanzo. Wastani wangu wa 1,550 kwa siku haukuwa tena na nguvu ileile. Ndipo nikaongeza kutembea, nikishuka kituo kimoja kabla, dakika ishirini na tano asubuhi na jioni. Kutembea pekee kusingenipunguza. Nusu saa ya mwendo haifuti hata andazi. Lakini kulinituliza kichwa, na usiku nilianza kulala. Karibu na wakati huo nikawa nikisimama ghafla naona kizunguzungu. Presha ilikuwa imeshuka mno kwa kipimo cha dawa nilichokuwa natumia, na daktari akakipunguza. Anayepungua akiwa kwenye dawa za presha au sukari asikose miadi, wala asijipunguzie dozi mwenyewe.

Ramadhani ya 2024 tuliifanya kwa namna nyingine. Tende tatu, uji wenye sukari kidogo, supu, kisha magimbi ya kuchemsha na samaki wa kuchoma. Kaimati na sambusa zikawa za Ijumaa. Watoto hawakulalamika, walizila Ijumaa kwa shangwe zaidi. Sikuongezeka.

Agosti 2024 nilisoma kilo 80.4. Tangu hapo nacheza kati ya 80 na 82, sijafika kwenye uzito ambao vitabu vinauita sahihi kwa urefu wangu, na daktari hanisukumi. Siandiki tena kila siku. Nikiona wastani umepita 82 narudi kwenye daftari wiki tatu. Gharama zote, mizani mbili, vipimo, na fundi aliyenipunguzia magauni kwa shilingi 5,000 kila moja, hazikufika 250,000, ukiacha ile chai.

Kitu kimoja hatujakiacha hata wiki moja. Dumu jipya likifunguliwa, dada anaandika tarehe ubavuni kwa kalamu ile ile tuliyoandikia sufuria. Lililoko jikoni leo lina siku 19, na mafuta bado yako juu ya theluthi.